Nyuzi Saba za Kopo la Biskuti

Enzi zetu hakuna aliyekufuata na simu mkononi kukuuliza umeridhika kwa nyota ngapi. Ulinunua, ukavaa, ukaenda zako, na kama hukuridhika mtaa mzima ulijua kabla hujafika kwako. Sisemi haya kwa kuwachukia vijana wa kompyuta. Naishi nao. Rahila, binti wa kaka yangu, anatengeneza programu ya simu ambayo wageni wanaokuja hapa kisiwani Nosy Be huagizia mikeka na vitambaa vya meza vya kutarizi, na ofisi yake ni baraza ya nyumba yangu. Kutwa nasikia habari za matoleo mapya, majaribio na asilimia. Wenzangu wa umri wangu watanielewa nikisema kwamba mengi ya hayo niliyaona nikiwa na miaka tisa, Mahajanga, bandari ya Madagaska, ndani ya kopo la biskuti.

Tulikuwa tukikaa Mahabibo, miaka ile ya mwisho ya sabini. Nyumba za mabati, vumbi jekundu, posiposi, vile vigari vya kuvutwa na watu, zikipishana na wavutaji wake wakitukana kwa lugha tatu. Asubuhi uliamshwa na harufu ya mokari, ile mikate ya mchele na nazi inayogeuzwa moja moja kwenye vikaango vidogo, na kama ulikuwa na bahati ulipewa ile iliyoungua pembeni, ambayo kwangu mimi ndiyo tamu. Nyumbani tulisema Kikomoro kilichochanganyika na Kimalagasi, shuleni Kimalagasi na Kifaransa. Hiki Kiswahili ninachoandikia nilikipata ukubwani, nilipoolewa Mombasa, kwa hiyo mkinikuta nimeteleza mahali nisameheni. Nyumba kadhaa za mtaa wetu zilikuwa na makufuli. Wenyewe walikuwa wamerudi Ngazidja, kisiwa chao cha Komoro, na sisi watoto tulizoea kucheza kwenye baraza zao bila kuuliza sana. Sisi tulibaki kwa kuwa bibi mzaa mama alikuwa Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, na hakuna aliyeweza kumhamisha bibi hata kutoka kwenye kiti chake.

Mchezo wetu wasichana ulikuwa hadithi za mawe. Unaokota mawe, kila jiwe unalipatia mtu wake: hili mama mkwe, hili mwalimu, hili jirani mchokozi. Kisha unayagongagonganisha huku ukisema maneno yao. Jiwe halikuwa na sura wala nguo, lakini hakuna aliyemchanganya mtu na mtu. Leo mtoto wa jirani ana miaka mitano, na akipokonywa simu hulia kama aliyefiwa. Nilimpa mawe manne siku moja. Akaniuliza yanawashwa wapi.

Mama yangu, Bi Zalihata, alikuwa mshona kofia. Zile kofia nyeupe za viua, zenye vitundu vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja nzuri ingeweza kumla miezi. Hakuwa anajua kuandika Kifaransa, na Kiarabu alikisoma cha msahafu tu. Lakini alikuwa na wateja kuanzia Mahabibo na Ampisikina mpaka Boanamary, na vichwa vyote hivyo alivihifadhi kwenye kopo la biskuti. Mteja akija kwa mara ya kwanza, Mama alimzungushia uzi juu ya masikio, akafunga fundo pale ncha zilipokutana, na fundo la pili kwa kimo cha kofia. Kisha kwenye uzi huo alifunga alama ya mwenyewe. Mwokaji mikate alikuwa na kipande cha gunia la unga. Muadhini, kitambaa cha kijani. Fundi baiskeli, kijipande cha mpira wa tairi. Mteja angeweza kupotea miaka mitatu, akirudi Mama alitia mkono koponi, akautoa uzi wake, akaanza kazi.

Kuhusu kuridhika kwa mteja, Mama hakuuliza. Aliona kumuuliza mtu kama kofia imempendeza ni kumlazimisha aseme uongo. Ijumaa alikaa kwenye dirisha la nyumba yetu, lililotazama njia ya msikitini, akaangalia wanaume wakitoka. Aliyetembea akisahau kama ana kofia, huyo kazi yake imekwisha. Aliyepeleka mkono kichwani mara mbili tatu, akivuta huku na kule, jioni yake mimi nilitumwa nikaichukue kofia irekebishwe, hata kama mwenyewe alikuwa ameshanisimulia namna anavyoipenda. "Mkono ukienda kichwani," Mama alikuwa akisema, "kosa ni langu." Rahila naye ana ubao wake wa mahesabu kwenye kompyuta, una rangi za kupendeza. Wapo wateja wanaompa nyota tano kabla hawajafungua mzigo.

Katika lile kopo kulikuwa na uzi mmoja wenye kifungo cha shati. Ulikuwa wa baba yangu. Baba alikwenda kufanya kazi hapa Nosy Be, kwenye kiwanda cha sukari, akashikwa na homa akafa, akazikwa hapa hapa. Habari zilitufikia ameshalala kaburini wiki nzima. Nguo zake waligawiwa waliomwosha, kama ilivyo desturi, na kofia yake ikaenda pamoja nazo. Kilichobaki kwetu cha umbo lake ni huo uzi. Kila mwaka, kabla ya Idi Kubwa, Mama alishona kofia moja kwa kipimo cha uzi ule, akaitoa sadaka kwa mwanamume yeyote ambaye ingemkaa sawasawa. Nilimwona mara moja ameiweka kofia iliyokamilika juu ya magoti yake, mikono miwili ndani yake, kama mtu aliyeshika kichwa cha mwenzake. Nilirudi nyuma polepole nikaenda kucheza.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwaka ule mwalimu alitufundisha kupanga vitu kwa mfuatano, kutoka kidogo kwenda kikubwa. Alitupanga sisi wenyewe kwa urefu, akapanga vijiti, akapanga majani, na mimi nikaona dunia yote inahitaji kupangwa. Siku moja Mama alikwenda Boanamary kwenye mazishi. Nikafungua lile kopo, nikaliona ni fujo tupu: magunia, matambara, mpira, vifungo. Nilitaka kumfurahisha. Nilifungua kila alama, nikazitia zote kwenye chupa ya achari niliyoiosha vizuri. Nyuzi nikazinyoosha na kuzizungusha kwenye kipande cha boksi, kutoka fupi hadi ndefu, na pembeni nikaandika namba kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa kazi safi. Hata leo nikiikumbuka nakiri ilikuwa safi. Nikakaa mlangoni nikimngoja anisifu.

Mama aliingia, akaliona lile boksi, akaiona ile chupa. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliketi chini na buibui lake bado mwilini, akaimimina chupa kwenye mkeka, akakitafuta kifungo mpaka akakipata, akakishika. Akaniuliza jambo moja tu: "Hiki ulikitoa kwenye upi?" Nikaangalia nyuzi zangu zilivyonyooka. Nikamwambia sijui. Aliyekuwa anajua ni ule uchafu niliouondoa.

Kesho yake alianza kuzunguka. Majuma matatu tulitembea mimi na yeye, mlango kwa mlango, akiwapima watu vichwa upya. Watu walicheka, wakatukaribisha maharage ya nazi, wakainamisha vichwa. Kila kichwa kilipokubaliana na uzi wake, Mama alirudisha alama. Kazi ilipokwisha zilibaki nyuzi saba na alama saba, za wale ambao hawakuwa na kichwa cha kupimwa: waliorudi Ngazidja na waliokufa. Uzi wa baba ulikuwa mmojawapo. Bibi aliuliza, "Humkumbuki mumeo kichwa chake?" Mama akajibu, "Hakikuwa kikubwa wala kidogo. Kilikuwa kichwa cha mtu." Kisha akatoka nje akakaa huko kitambo.

Idi ile hakushona. Nilidhani mambo yameishia hapo, na kwa mtoto wa miaka tisa lilikuwa jambo la kutisha kujua kwamba umemfuta baba yako kwa kalamu nyekundu. Lakini mwaka uliofuata nilimkuta amekata kitambaa. Alikuwa amezifunga zile nyuzi saba pamoja, na ameutoa wa kwanza. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayepanga mapishi ya wiki, kwamba mwaka huu atashona kwa huu, mwakani kwa unaofuata. Katika miaka saba mmoja utakuwa umemfikia baba yako. Na ile sita mingine? Ni ya waume za watu, akasema, nao wana wanaowakumbuka.

Aliendelea hivyo maisha yake yote. Alizizunguka zile nyuzi saba mara tano na zaidi kidogo, akafa akiwa kwenye uzi wa tatu.

Kopo sasa ninalo mimi, na kushona nimeendelea pale alipoishia. Nilipofiwa na mume nilikuja kuishi Nosy Be, mahali ambapo baba amelala, ingawa kaburi lenyewe hakuna anayeweza kunionyesha kwa hakika. Mwezi uliopita Rahila na wenzake wawili walikuwa na mkutano barazani. Mikutano yao hufanywa wamesimama, eti ili iwe mifupi, kisha wanasimama saa nzima. Walikuwa wakiamua kuwafuta wateja ambao hawajaifungua programu kwa miaka miwili, kwa sababu wanashusha asilimia ya watumiaji hai na ubao unaonekana mbaya. Nilileta chai. Nikawauliza hao watu wamekosa nini. Kijana mmoja, mpole, akanieleza kwamba hawakukosa kitu, ila hawapo. Walikuwa wameshawafuta kabla chai haijapoa, na ubao ukawa wa kijani, wakafurahi, na mimi sikuwanyima maandazi. Nani asiyependa kazi safi?

Baadaye Rahila alinikuta na kopo mapajani. Hakuwa amewahi kuuliza. Nikamweleza, kama nilivyowaeleza ninyi. Akafanya hesabu, maana ndivyo alivyo. "Shangazi, kwa hiyo mara sita katika saba huwa siyo Babu."

"Ndiyo."

"Na hutajua ni mara ipi."

"Sitajua."

Aliutazama uzi niliokuwa nao mkononi, wa nne. Akaniomba anitungie uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yangu siku hizi hayaoni tundu. Alinitungia siku ile, na zote zilizofuata, mara nyingine akiwa na simu sikioni akigombana na mtu kuhusu toleo jipya.

Zamani kitu kilichukua miezi na hakuna aliyekiita bidhaa. Mtu alijulikana kwa kipande cha gunia. Leo wanajua umebonyeza wapi, saa ngapi, ukiwa umelala au umeketi, na ukinyamaza miaka miwili hujawahi kuwapo. Sisemi sisi tulikuwa bora. Mimi niliwafuta watu saba kwa mchana mmoja, bila kompyuta, na nilikuwa nimevaa sare ya shule. Tofauti niliyoiona ni kwamba mama yangu alitoka akaenda kugonga milango.

Kofia ilipokamilika nilimpa mzee muuza samaki wa mtaa wa chini. Ilimkaa bila kulazimisha. Ijumaa nilikaa kwenye dirisha, Rahila akaja akasimama nyuma yangu bila simu. Wanaume wakatoka msikitini. Yule mzee alipita na mwenzake wakibishana juu ya jambo fulani, akicheka, mikono yote miwili ikipunga hewani. Tulimfuata kwa macho mpaka kona. Mkono wake haukwenda kichwani hata mara moja.