Chupa ya Bwana Afya

Vijana wa Kimormoni wakitumwa kuhubiri nchi za watu huitwa Mzee, hata kama kidevu hakijaota unywele mmoja. Huyu wetu alikuwa Mzee wa miaka kumi na tisa, kitinda mimba wa mama ambaye hufua mpaka matambara ya kudekia. Ugenini hakuteswa na upweke wala lugha. Aliteswa na kinyaa. Kila alichopewa alikinusa kwanza, kila kiti alikikagua kabla ya kukikalia, na mwezi haukuisha mwenzake akambandika jina la Bwana Afya.

Mwenzake huyo ndiye aliyekuwa balaa la kwanza. Kanuni yao ni kwamba wanatembea wawili wawili na hawaachani, ila mmoja akiingia chooni au bafuni. Kanuni nzuri, kama umepangiwa na mtu. Huyu alikuwa akikata kucha za miguu juu ya meza ileile ya kulia, vipande vinaruka hadi kwenye bakuli la sukari, naye anavipuliza, anaendelea. Nywele zake ziliziba sinki, maji yakasimama, juu yakafanya utando. Soksi zake zilikuwa zinakaribia kusimama zenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele ikilia, wote wawili hupiga magoti kusali, na Bwana Afya alikuwa akisali amebana pumzi. Mnisamehe kama mko mezani, mimi nasimulia tu.

Kutwa ilikuwa ni kutembea. Shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani, kugonga milango na kufungiwa milango. Siku moja mama mmoja aliwamwagia maji ya vyombo, mwenzake akacheka, Bwana Afya akabaki anachomoa ukoko wa chakula kwenye kola na machozi yanamlenga. Lakini mlango uliofunguliwa ndio ulikuwa mbaya zaidi, maana lazima mshikane mikono. Mikono ya jasho, mikono iliyotoka kupenga kamasi, mikono ya mafuta. Basi mama yake, kwa kumjua mwanawe, alikuwa amemfungashia chupa ya dawa ya mikono yenye harufu ya hospitali. Ilikaa mfukoni mwa suruali saa zote, na kila wakitoka nyumba ya watu, hatua kumi hazifiki, chupa iko nje.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mtu wa kwanza kuwakaribisha kwa moyo mmoja katika mji ule alikuwa mzee mmoja mzibua vyoo.

Alikaa ghorofa ya pili, chumba kimoja, peke yake. Kazi yake ilikuwa kushuka kwenye mashimo ya maji machafu na kutoa kwa mikono kilichoshindikana kwa waya. Miaka thelathini. Majirani walipishana naye ngazini wamegeukia ukutani. Mkewe alishafariki, na binti yake wa pekee aliolewa kwa watu wanaojisikia. Baba alipokwenda kumtembelea mara ya mwisho, walimwekea kiti nje ya mlango. Binti mwenyewe ndiye aliyekileta kiti. Hayo mzee yule aliyasimulia huku anacheka, lakini aliyasimulia kila Alhamisi.

Kila Alhamisi Bwana Afya alipanda ngazi zile bila kugusa ukuta. Chumba kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, lakini harufu ilikuwa imekwishaingia ukutani, nzito, tamu kidogo, na huo utamu ndio uliomchefua. Mzee aliwapa mkono mmoja mmoja, kiganja kimechanika, weusi umekaa kwenye nyufa. Bwana Afya alitabasamu. Alifundisha vizuri, sauti ya upole, maneno yamenyooka. Kisha akishuka, akifika chini tu, anajimiminia dawa mpaka kwenye viwiko, anasugua kama anayetaka kuivua ngozi.

Baada ya miezi mitatu mzee akasema yuko tayari kubatizwa. Alikuwa amekwishamwalika binti yake, na binti amekubali kuja. Alitaka jambo moja tu, binti yake amwone akitoka majini. Wakamuuliza nani ambatize, akanyoosha kidole.

"Nataka huyu."

Wakati wa kurudi Bwana Afya alimlilia mwenzake wabadilishane. Mwenzake akamwambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akacheka kwa utani wake mwenyewe mpaka akakohoa.

Sasa, ubatizo wao si wa kunyunyiza. Mtu anazamishwa mzima, asibaki nje hata ukucha, na mashahidi wawili wanasimama ukingoni kuangalia. Kikibaki kitu nje, yote yanarudiwa, maneno na kuzama. Tena mwili wa mtu mzima huelea, ukimlaza chali mguu unapanda. Dawa yake wanaijua: unamkanyaga vidole kwa mguu wako mpaka azame. Mwenzake alimkumbusha mara mbili.

Siku ikafika. Binti alikaa mstari wa mbele, leso mkononi. Wawili wale wakashuka kwenye birika la ubatizo, nguo nyeupe, pekupeku, maji kiunoni, na yale maji yalikuwa angavu, maskini, kila kitu kinaonekana. Bwana Afya akaitazama miguu ya mzee. Kucha nyeusi zimekunjamana, visigino vimepasuka, ngozi katikati ya vidole imechunika na kuwa nyeupe. Akasogeza mguu wake pembeni.

Akasema maneno, akamlaza. Mguu ukaibuka. Mwenzake, aliyekuwa shahidi, akatikisa kichwa.

Wakarudia. Bwana Afya akauleta mguu karibu, akaurudisha. Mguu wa mzee ukaibuka tena, kucha zote juu, na mtu nyuma akaguna kwa kicheko. Binti akainamisha uso.

Mzee akasimama, maji yanamchuruzika, akamkamata mkono. Alisema kwa sauti ya kusikiwa na wao wawili tu.

"Mzee, dirisha langu linatazama mlango wa chini. Kila Alhamisi nakuona unavyonawa dawa."

Bwana Afya akatazama chini, kwenye miguu ile.

"Leo nimeoga mara tatu," mzee akasema. "Nikanyage. Mwanangu anaangalia."

Akamkanyaga. Alizihisi zile kucha chini ya wayo wake, alizihisi nyufa, na msidhani kinyaa kilimtoka. Kilikuwepo palepale. Ila safari hii hakujua anamwonea nani kinyaa, mzee au nafsi yake. Miezi mitatu amekuwa akimfundisha mtu upendo huku ananawa, na mtu yuko dirishani anamtazama, na Alhamisi inayofuata anamfungulia mlango. Akamlaza, akakaza mguu, maji yakafunga juu ya uso wa mzee. Mashahidi wakaitikia kwa kichwa.

Binti alimpokea baba yake ukingoni kwa taulo. Alimfuta kichwa, kisha akasita kidogo, akamfuta hata mikono.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Bwana Afya alivaa suruali kavu. Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, kama ulivyozoea. Kizibo kilikuwa kimekwishafunguka, dawa iko kiganjani, harufu ya hospitali imejaa chumba, ndipo alipoinua macho. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na taulo shingoni.

Hakukasirika. Alisogea, akakinga kiganja chake.

"Nitilie na mimi," akasema. "Hata mimi nimeshika mtu."