Mtoto wa Nyuma ya Pazia

Hakuna mteja aliyewahi kutoka kwa Fundi na nguo inayombana, na hakuna aliyetoka bila kuambiwa neno. "Mama, kiuno hiki siyo cha mwaka jana, tusidanganyane," angesema, futi ikimzunguka mtu na pini tatu zimebanwa midomoni. Watu walicheka, wakarudi. Mtaa mzima uliujua mkono wake, na uliujua zaidi ulimi wake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na nguo za watu zikining'inia ukutani kila moja na kikaratasi chake. Cha nyuma kilikuwa cha kulala. Kati ya viwili hivyo hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia la kijani ambalo Fundi alilishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, na nyuma ya pazia hilo, juu ya furushi la mabaki mengine, alikaa mtoto ambaye wateja wengi hawakuijua sura yake.

Alikuwa wa kike, anakaribia miaka saba. Nyumbani walimwita Kifungo, kwa uso wake wa mviringo na kwa kuwa vifungo ndivyo vilivyokuwa mchezo wake, usingizi wake na dawa yake ya kilio.

Alipozaliwa, muuguzi alimtazama macho, akamfungua kiganja, akaona kimekatwa na mstari mmoja tu kutoka huku hadi kule, akaenda kumwita daktari. Daktari akaeleza kwa upole kwamba mtoto ana sindromu ya Down, ndivyo alivyoumbwa tangu tumboni, si ugonjwa wa kuambukiza wala si kosa la mtu. Atajifunza, ila polepole.

"Polepole kiasi gani?" Fundi akauliza.

"Hilo wewe ndiye utakayetuambia."

Basi akapata la kuwaambia. Kukaa, mwaka mzima. Kutembea, miaka mitatu. Kushika kikombe bila kumwaga, miezi minane ya kufua nguo zilizolowa kifuani. Maneno yalikuwa matatu, nayo nusunusu: "ma", "ba" na "fungo". Lakini kuna jambo Fundi aliligundua ambalo hata daktari hakumwambia. Kilichoingia kwenye kichwa kile hakikutoka tena. Alimfundisha kuvaa kiatu cha kulia kwanza, na siku baba yake alipoanza na cha kushoto, mtoto alivua vyote viwili akaanza upya.

"Huyu ni mshono wa mara mbili," Fundi alimwambia mumewe. "Kuushona tabu, kuufumua tabu zaidi."

Mumewe naye alikuwa fundi, wa rangi za nyumba. Mtu mrefu, mpole, mwenye madoa ya chokaa hadi kwenye nyusi, asiyependa ugomvi hata na mbu. Alimpenda binti yake ndani ya kuta nne. Nje hakumtoa. Leo jua kali, kesho vumbi, keshokutwa mtoto kachoka.

Mwanzoni hapakuwa na kujificha. Kifungo alikaa chini ya meza ya kukatia akipanga vifungo vyake kwa rangi, na mteja akiingia alitoka kumkumbatia miguu. Kwake hapakuwa na mgeni, wote ndugu. Wengine walimbeba. Wengine walivuta sketi zao pembeni na kujifanya wanatazama kioo. Kisha akaja mama mmoja muuza duka, mwenye mimba ya miezi saba, gauni lake lifumuliwe pembeni lipanuliwe. Kifungo akamwendea, akaweka shavu juu ya lile tumbo, ametulia kama mtu anayesikiliza habari.

Yule mama aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mtoe! Fundi, mtoe! Wa kwangu akifanana naye nitasema nini kwa mume wangu?"

"Mimba ya miezi saba ina sura yake tayari," Fundi akajibu. "Na kama kufanana ndiko unakokuogopa, ungeanza kumwogopa huyo mumeo."

Jibu lilikuwa tamu, mtaa ukalicheka wiki nzima. Lakini yule mama aliondoka na gauni lake lina pini bado, na wenye mimba wenzake hawakuja tena, na wenye mabinti wa kuolewa wakafuata nyuma yao. Ulimi unaweza kushinda ugomvi, ila haujazi sufuria. Cherehani ikakaa siku nne haijalia.

Ndipo Fundi akafanya lile jambo.

Alimfundisha Kifungo jinsi alivyomfundisha kila kitu, kwa hatua ndogo na kurudia bila kuchoka. Alitoka nje, akagonga mlango wake mwenyewe, akaita, "Hodi!" Akaingia mbio, akamshika mtoto mkono, akampeleka nyuma ya pazia, akamkalisha juu ya furushi, akamwekea kidole chake mdomoni, anyamaze. Mgeni akishaondoka, mtoto atoke, anyooshe kiganja, apewe kifungo kimoja cha kutia kwenye mkebe wake. Asubuhi mara kumi, mchana mara kumi.

"Unamfundisha nini mtoto, mke wangu?" mumewe aliuliza siku ya tatu, brashi mkononi.

"Adabu ya dukani."

"Mbona watoto wengine hawafundishwi hiyo?"

"Watoto wengine baba zao wanatembea nao barabarani mchana. Nikuvalishie wako, mtoke?"

Mwanamume akaenda kusuuza brashi ambayo ilikuwa safi.

Ilichukua miezi minne. Siku ambayo Kifungo alisikia hodi akaenda mwenyewe, bila kushikwa mkono, Fundi alipiga makofi, akamnyanyua, wakazunguka chumba kizima wakicheka. Hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye kuliko yote, kwamba siku ile alifurahi.

Wateja walirudi. Wenye kumbukumbu wakauliza, "Fundi, yule mtoto yuko wapi siku hizi?"

"Amelala."

"Kila nikija amelala! Kwani usiku analinda benki?"

"Amerithi uvivu wa baba yake."

Wakacheka. Na nyuma ya pazia mtoto yuko macho, kidole mdomoni, anasikiliza. Ikapita miaka miwili.

Siku moja akaja mwalimu, msichana mgeni mtaani, kupunguziwa sketi. Amesimama mbele ya kioo, kifungo chekundu kikabingirika kutoka chini ya pazia hadi kwenye kiatu chake. Nyuma yake vikatokea vidole vitano vifupi, vinapapasa sakafu. Fundi alibana pini zake midomoni asiseme kitu. Mwalimu akainama, akakiweka kile kifungo kwenye vile vidole, vikarudi vilikotoka.

"Anaitwa nani?" akauliza, kana kwamba kila nyumba ina vidole chini ya pazia.

"Kifungo."

"Ana miaka mingapi?"

"Saba, mwezi ujao."

"Shuleni kwetu tumefungua darasa la watoto kama yeye. Wako wanane. Meza zipo tisa."

Fundi akatoa pini midomoni, moja moja, akaziweka mezani. Mwalimu akamweleza utaratibu ulivyo. Anayepokea watoto ni mwalimu mkuu, naye huja mpaka nyumbani. Anaangalia kama mtoto anaitika jina, kama anafuata agizo moja dogo, kama anaweza kukaa na mtu asiye mama yake. Mwisho wa kupokelewa ni miaka saba. Akiikosa nafasi hii, basi, hakuna nyingine. "Tutakuja Alhamisi," akasema. "Saa nne."

Zilikuwa zimebaki siku tano. Fundi aliweka nguo za watu pembeni, akashona sare: sketi ya buluu, blauzi nyeupe yenye vifungo vikubwa ambavyo mtoto angeweza kuvifunga mwenyewe. Sketi aliiachia pindo pana, inchi nne nzima, avae hadi darasa la tatu. Akamfundisha kuitika.

"Kifungo!"

"Ee!"

"Nipe chekundu."

Akatoa chekundu. Cheupe, akatoa cheupe. Baba yake akaacha ukuta wa watu umepakwa nusu, akaja kujifanya mwalimu mkuu, amevaa koti la harusi yake, akakohoa kikubwa na kuuliza, "Wewe mtoto, unaishi na nani?" Kifungo akacheka hadi akaanguka chali, kisha akamwonyesha mama kwa kidole. Kila walichomwuliza alikiweza. Usingizi wa nyumba ile ulikuwa mwepesi wiki hiyo, wa watu wenye tumaini.

Walifanya mazoezi ya kila kitu isipokuwa kimoja. Siku zote tano walikuwa ndani, wote watatu. Hakuna aliyekumbuka kutoka nje akagonga mlango.

Alhamisi, saa nne kasoro, Kifungo amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, amenyooshewa kila kitu, viatu miguuni, cha kulia kilitangulia. Baba yake amesuguliwa hadi nyusi. Nje zikasikika hatua za watu wawili, kisha sauti nzito ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Hodi wenyewe!"

Kifungo akashuka kwenye kiti. Hakukimbia, mtu anayeijua kazi yake hakimbii. Akaenda nyuma ya pazia, akalivuta vizuri nyuma yake, akanyamaza.

"Karibuni," Fundi akasema, na sauti haikuwa yake.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mzima wa miwani, mstaarabu. Akasalimia, akakaa, akatazama kiti kitupu. "Haya, mtoto yuko wapi?"

Ulimi wa Fundi uliinuka wenyewe na jibu la miaka miwili. Akauma meno. "Yupo, mwalimu. Kifungo! Njoo, mama."

Kimya.

"Njoo utuonyeshe chekundu," baba yake akabembeleza. "Njoo, mama yangu."

Fundi akafungua pazia. Mtoto alikuwa juu ya furushi, mgongo umenyooka, kidole mdomoni. Alimtazama mama yake kwa mshangao, kisha akanyoosha mkono mwingine, akaweka kidole kwenye mdomo wa mama. Nyamaza, kuna mgeni.

Fundi akambeba kumtoa. Mtoto ambaye hajawahi kumlilia mgeni alijipinda, akapiga kelele, akafunika uso kwa viganja, akateleza mikononi, akarudi kwa magoti chini ya pazia. Alipotolewa mara ya pili alijikojolea, sketi mpya ikaloa hadi kwenye lile pindo pana. Yule mwalimu msichana akapiga magoti sakafuni, akabingirisha kifungo kuelekea pazia. Hakikurudi.

"Anaogopa watu," mwalimu mkuu akasema polepole.

"Haogopi watu," Fundi akasema. "Huyu haogopi mtu yeyote duniani. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Akaeleza yote, tangu mama wa mimba hadi mkebe wa vifungo, bila mzaha hata mmoja. Mumewe alitazama viatu vyake. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Kama amejifunza hilo namna hii, akili anayo," akasema. "Lakini darasani kwetu mlango unagongwa kutwa nzima. Nikimchukua leo, mwaka utaisha yuko chini ya meza. Na kuna mtoto mwingine anaisubiri nafasi hiyo, mama. Naye amefikisha miaka saba."

"Nipe mwezi mmoja."

"Darasa linaanza Jumatatu."

"Nipe wiki basi. Mwalimu, nipe wiki."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa, na hakuwa mtu mbaya. Aliaga. Yule msichana alitoka wa mwisho, hakuweza kumtazama Fundi usoni.

Hatua zao zilipopotea, pazia likasogea. Kifungo akatoka, sketi inadondosha, mashavu yamelowa, lakini kazi ameimaliza, na leo ilikuwa ngumu kuliko siku zote. Akanyoosha kiganja chake chenye mstari mmoja.

"Fungo," akasema.

Angemnyima kwa kosa gani? Fundi akachagua kikubwa kuliko vyote, kile cheupe kinachong'aa alichokiweka kwa ajili ya nguo ya bibi harusi, akakiweka katikati ya kiganja. Mtoto akakitia mkebeni, akautikisa asikie. Fundi akaingia chumba cha nyuma, akalala kifudifudi juu ya lile furushi. Mumewe, aliyezoea kumsikia akisema, siku ile alimsikia akilia tu. Akamvua mtoto sketi iliyoloa, akamvalisha kavu, akampandisha mabegani, akatoka naye barabarani katika jua la saa sita. Alichelewa miaka saba, lakini alitoka.

Kesho yake Fundi akalikata pazia kwa mkasi wa kazi, vipande vipande. Mteja alipopiga hodi, Kifungo akalitafuta, hakuliona, akaingia chini ya meza ya kukatia na kidole chake.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla cherehani haijalia, mwanamke yule alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, mchana kweupe, akiigongea nyumba yake kama mgeni.

"Hodi!"

"Fundi, umefukuzwa kwako leo?" muuza mkaa wa jirani akamtania. "Umeunguza nguo ya nani?"

Siku nyingine angemjibu neno likamwasha hadi jioni. Hakumgeukia hata kumtazama.

"Hodi!" akaita tena, paji la uso limegusa ubao wa mlango. "Kifungo? Mtoto wangu yuko wapi?"

Akaweka sikio mlangoni. Kisha, kutoka chini ya meza, ikaja sauti nyembamba, iliyonyooka, neno zima lisilokatika popote, la kwanza kamili ambalo mama yule alipata kulisikia kutoka kinywani mwa mwanawe.

"Amelala."