Aprili Tuliyompeleka Bibi Siyu

Enzi zetu, likizo ya Aprili ilikuwa likizo ya jina tu. Shule ikifungwa Ijumaa, Jumamosi asubuhi uko shambani umeinama, matope mekundu ya Nyeri yamekushika miguu na bakuli la mbegu liko mkononi. Baridi ilitufanya tutoe mvuke mdomoni kama wavuta sigara. Tulikunywa uji wa wimbi, tukapewa kila mtu kipande cha nduma kilichopoa, tukaonywa tusionekane nyumbani kabla ya adhuhuri. Vijana wa leo shule ikifungwa wanalala mpaka saa nne, na wakiamka wanalalamika kwamba wamechoka. Wamechoshwa na nini, Mungu ndiye ajuaye.

Kwa hiyo mwaka ule Baba aliposema kwamba tukimaliza kupanda tutakwenda pwani, tutapanda mashua ya tanga na kutembea baharini, mimi na mdogo wangu Idi tulidhani ametaniwa na mtu. Hakuna mtoto wa mtaa wetu wa Majengo aliyewahi kwenda likizo. Tuliwatangazia wote, hata wale tuliogombana nao. Idi aliwaambia ati yeye ndiye atakayeshika usukani.

Lakini ile haikuwa likizo, na watu wazima walijua. Bibi, mama yake Baba, alikuwa mzaliwa wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Babu alikuwa dereva wa lori, akamwoa huko na kumpandisha mlimani akiwa msichana, na tangu hapo hakurudi. Alizaa Nyeri, akamzika mumewe Nyeri, akajifunza kula githeri ya mahindi na maharagwe, lakini baridi hakuizoea kabisa. Siku zote alikaa karibu na jiko amejifunga leso mbili, akitusimulia habari za dada yake, Bi Amina, aliyekuwa akimwita Kidege kwa sababu alikuwa mwembamba. Basi mwezi wa tatu mfanyabiashara mmoja wa mbuzi kutoka Nanyuki, aliyekuwa na jamaa zake Lamu, akaleta salamu: Bi Amina ni mgonjwa, hali chakula, na anamtaka Kidege wake.

Bibi alitaka kuondoka siku ileile. Baba akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, mvua iko karibu. Wacha tupande maharagwe kwanza, na watoto wafunge shule, arafu twende wote."

"Chelewa chelewa, Hamisi, utamkuta mwana si wako," Bibi akasema.

"Mvua nayo haingojangi mtu, Mama."

Msimlaumu Baba haraka. Mtu wa Nyeri ambaye hajapanda mvua ikianza ni kama mtu aliyetoka nje bila nguo; majirani watamsema mpaka Desemba. Baba alinunua na kuuza ngozi, na mwezi ambao ngozi hazikwenda tulikula kilichotoka shambani. Hata kama ni mama yake aliyekuwa akiomba, hakujua namna nyingine ya kuupanga mwaka. Mvua yenyewe ikachelewa. Kila asubuhi Bibi alitoka nje, akatazama mawingu upande wa mlimani, akarudi jikoni. Iliponyesha hatimaye tulipanda mbio mbio, na Bibi mwenyewe, na uzee wake, alikuja kufukia mbegu kwa kisigino ili tumalize upesi. Nikimkumbuka akifanya hivyo moyo unaniuma mpaka leo.

Mama alitufungia masweta, mablanketi na viatu vya mpira. Tulimwambia pwani kuna joto. "Kwani huko hakuna usiku?" akatuuliza, akaongeza blanketi lingine. Safari ya barabara ilikuwa ndefu na ya kuchosha, na sitaki kuieleza. Lamu tulifika mvua ikinyesha kwa namna tusiyoijua, mvua ya joto, bahari imechafuka na kuwa ya kijivu. Vyombo vingi vilikuwa vimevutwa juu ya mchanga na kufunikwa. Idi aliuliza kama vimeharibika.

Nahodha aliyekubali kutuchukua, mzee mwembamba mwenye sauti ya juu, alimtazama Baba kwa mshangao. "Bwana, mngekuja mwezi wa tatu. Saa hizi kusi inataka kuingia, watu wanapandisha vyombo."

"Mwezi wa tatu hakukuwa na mvua," Baba akamjibu.

"Mvua? Mvua ya nini, na nyinyi mnasafiri?"

Kwetu mvua ndiyo iliyofungua mwaka. Kwao ndiyo iliyofunga bahari. Sisi tulikuwa tumekaa Nyeri tukiingoja ianze, tukidhani tunafanya jambo la busara.

Yale matembezi ya baharini tuliyojisifia nayo yalikuwa hivi: Mama alitapika tangu tulipoiacha Lamu, tanga lilipigapiga bila mpango, upepo ukija na kukatika, na mvua ikitumwagikia mashuani. Tulimfunika Bibi kwa masweta yetu yote. Kati ya bara na visiwa kuna mlango mwembamba wa maji unaoitwa Mkanda, mikoko huku na huku, nao hupitika maji yakijaa tu. Tulikuwa tumengoja mvua kubwa ipungue ndipo tung'oe nanga, na kwa kungoja huko tukafika Mkanda maji yakiwa yameanza kupwa. Mashua ikagusa chini, ikasogea kidogo, ikakaa. Maji yakaendelea kuondoka mpaka tukawa tumekaa juu ya tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, kaa wekundu wakitutazama.

Baba alivua viatu, akaruka chini, akazama mpaka mapajani, akaanza kuisukuma mashua ile na watu wote ndani. Alisukuma huku akihema. Sijapata kumwona mtu mzima akifanya jambo lisilo na maana kwa nguvu kama zile.

"Rudi chomboni, bwana," nahodha akamwambia. "Maji hayasukumwi. Ni kungoja tu."

Tukangoja. Bibi alikuwa amekaa mbele, uso ameuelekeza Siyu. Mama alipompa chai ya chupa aliikataa. Alimwuliza nahodha mara moja tu ni mbali kiasi gani, akaambiwa si mbali, maji yakirudi tutafika kabla jua halijatua.

Maji yalijaa tena, tukaingia Siyu alasiri. Pale mashua zinapofika kulikuwa na wanawake wawili, na mmoja akatuuliza kabla hatujashuka, "Nyinyi ndio wa bara?" Tukasema ndio. Akaweka mkono kifuani. Bi Amina alikuwa amezikwa Ijumaa. "Amewangoja," akasema. "Kila chombo kikiingia alikuwa akituma mtoto aje atazame."

Mama akaanza kulia. Idi akalia kwa sababu Mama analia. Bibi hakulia. Alimgeukia mwanawe, matope yamemkauka miguuni, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani, "Maharagwe yameota, Hamisi?"

Baba akaketi chini palepale.

Walituingiza chumbani kwa marehemu, wakatupa kahawa na mkate wa mofa. Bibi aliomba leso ya dada yake, akaikunja, akaiweka pajani. Wazee wachache walikuja kumpa pole, wakamwita Mama Hamisi kama alivyoitwa Nyeri, maana ndilo jina tulilowatajia. Baba alimwambia akitaka abaki, atamletea matumizi. Bibi akakataa. "Nikae na nani? Aliyenijua hayuko." Tukarudi naye kwenye baridi, na akaishi nasi miaka mingine kadhaa. Yale maharagwe yalizaa mwaka ule kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Baba aliwagawia majirani karibu yote.

Sasa Baba na Mama wametangulia, na Idi, aliyekuwa fundi wa redio hapa Skuta mjini Nyeri, tulimzika kabla ya mfungo uliopita. Wajukuu wangu wanakwenda Mombasa kwa treni, wanaondoka Nairobi asubuhi na mchana wako mchangani wakijipiga picha miguu. Mtu akiumwa wanamwona kwenye simu, wanamwambia "get well soon, cucu," yaani upone upesi, bibi, kisha wanaendelea na sinema yao. Siwacheki sana. Hata sisi tulikuwa na mambo yetu tuliyoyatanguliza.

Juzi mjukuu wangu Salma alinipikia chai, nikamsimulia habari za Mkanda, na Baba akisukuma mashua kwenye tope. Alicheka, akaniuliza kama kuna picha. Nikamwambia hakuna.

"Basi nani mwingine aliona, cucu? Nimwulize."

Nikafungua mdomo kumtajia Idi, nikaufunga.