Mzigo Nilioupokea Mizanini

Kama umekaa kusoma hiki ili upate cha kucheka, kiache hapa hapa. Mimi si mtu wa hadithi. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, na tangu hapo kazi yangu ni kusuka mikeka na kuuza vitumbua pale Ng'ambo, Tabora. Haya niliyaona mchana, jua la alasiri likiwaka, na akili zangu zote ninazo. Niliyekuwa naye yuko hai. Ukimtaka, nenda kamuulize.

Ilikuwa sikukuu ya Krismasi. Mimi Mwislamu, lakini binti yangu kaolewa Nzega, na nilikwenda kumwangalia alipokuwa anaumwa. Wakati wa kurudi, mabasi yamejaa watu mpaka mlangoni. Nikasimama kando ya barabara na kikapu changu, nikapunga mkono, likasimama lori la soda. Dereva wake namjua tangu anatambaa. Anaitwa Masanja. Mama yake na mimi tuliwahi kupanga nyumba moja Kanyenye.

"Shikamoo, Bibi. Panda, lakini kabini yangu haina kiyoyozi."

"Marahaba. Nimekuomba kiyoyozi?"

Akacheka, lakini macho yalikuwa yamemwingia ndani. Alikuwa amepangwa zamu ya sikukuu, na zamu ya kabla ya hiyo, na ya kabla yake. Kazi ya malori ndivyo ilivyo. Watu wakitaka kusherehekea wanataka soda, wanataka mchele, na anayewaletea anakula mkate mkavu kwenye usukani. Mkewe alijifungua mtoto wa kwanza yeye akiwa njiani. Mtoto sasa anacheka, ananyoosha mikono, na baba yake hajamshika hata mara moja. Anamjua kwa picha za simu.

Tulipokuwa tunatoka Nzega mkewe alipiga, na Masanja akaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa kwenye usukani. Nilisikia kila neno.

"Baba Neema, wali nimeshafunika. Hatuli mpaka ufike."

"Nakuja, mama. Jioni niko hapo."

"Pasaka ulisema hivyo hivyo. Usipofika leo, kesho nachukua mtoto naenda kwetu. Nimechoka kuolewa na namba ya simu."

Akakata. Masanja akakanyaga mafuta. Mwanamke yule alikuwa na haki, na kijana huyu naye hakuwa na kosa.

Basi tukaenda. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, miyombo imekuwa kijani, pembeni watu wanauza asali kwenye chupa. Tulipofika sehemu isiyo na nyumba, tukaona matawi mabichi yametandazwa barabarani. Anayejua barabara anajua maana yake: mbele kuna gari limeharibika. Madereva wana sheria yao, hata uwe na haraka ya namna gani, ukiona matawi unapunguza mwendo na unamwangalia mwenzio kama anahitaji msaada. Masanja akatukana kidogo, akaniomba radhi, akapunguza.

Mbele hapakuwa na gari lolote.

Palikuwa na mtu. Kasimama ukingoni mwa lami, amevaa kaniki iliyochakaa, miguu mitupu, na begani ana mzigo mrefu umefungwa kwa mkeka na kamba za magome. Shingo yake ilikuwa imeinamia upande mmoja, kama mti uliokulia kwenye upepo. Hakuwa mzee, hakuwa kijana. Akatusalimia Kinyamwezi, cha kale, kile alichokuwa akizungumza babu yangu. Kisha akasema neno moja la Kiswahili.

"Nitue."

Nilijua huyu si mtu wa leo. Msiniulize nilijuaje. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kwenye njia ile ile kabla haijawa na lami, na yeye alituambia tukiwa wadogo kwamba wenzake wengi waliishia njiani na mizigo yao. Alisema mpagazi hajitui. Akifika anasimama mlangoni na mzigo begani, mpaka mwenye nyumba atoke amwambie tua, umefika, nimepokea. Mzigo ambao haukupokelewa na mtu haujashuka, hata ukiuona uko chini.

Nikamshika Masanja mkono. "Muulize kwanza anampelekea nani."

Lakini Masanja alikuwa ameshafungua mlango. Nyinyi mnajua kwetu kulivyo. Unaweza kuwa umegombana na jirani yako mwezi mzima, akitoka bombani na ndoo kichwani akakwambia nitue, unamtua. Mikono inafika kabla ya ugomvi. Kijana yule, ambaye hapakii hata katoni ya sabuni bila kuuliza ya nani na inashuka wapi, siku hiyo alisahau kazi yake. Aliona mtu amelemewa, basi.

Akakumbatia ule mzigo, akaushusha. Yule mtu akashusha pumzi ndefu, ndefu sana.

"Pole, kaka," Masanja akamwambia. "Panda, nitaupakia nyuma, nikufikishe Tabora."

Akaupandisha juu ya kreti za soda, akafunika turubai. Alipogeuka, yule mtu alikuwa ameshaanza kuondoka. Si kuelekea Tabora. Alikuwa anaingia porini, mikono inaning'inia huru, anatembea kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka shule. Tukamwita. Masanja akamwita tena kwa sauti. Akaingia kwenye majani marefu, na niamini, majani hayakutikisika.

"Bibi, huyu vipi?"

"Twende," nikamwambia. "Umeshapokea."

Lori likawa zito. Barabara tambarare, hamna mlima, lakini lilikuwa linalia kama linapanda kilima. Masanja alibadilisha gia, akasimamisha, akatazama matairi, akapanda kuangalia nyuma. Akarudi amekauka midomo. "Mzigo haupo, Bibi. Ziko soda tu."

Tukafika mizanini kwa kujikokota. Pale alikuwepo dada mmoja wa zamu, naye anakula pilau ya sikukuu kwenye bakuli la plastiki, peke yake. Akatazama namba, akaweka kijiko chini.

"Kaka, umezidisha. Tena umezidisha vibaya."

"Nimepimwa asubuhi dada, karatasi hii hapa. Soda zile zile."

"Basi zimezaa huko njiani?"

Akapanda mwenyewe, akahesabu kreti, akashuka anajikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia lori lirudi nyuma, lisogee tena, na tena. Namba ikawa ile ile. Akasema, "Nisamehe, siwezi kukupitisha. Egesha pale. Mkubwa wangu atakuja sikukuu zikiisha."

Masanja akakaa chini, pale pale kwenye kokoto, mgongo kwenye tairi. Kuliacha lori na mali ya watu hawezi. Kulipitisha hawezi. Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, na shingo imeanza kulala upande mmoja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilimwona yule mtu wa kule barabarani kwenye mwili wa mtoto niliyemfuta makamasi.

Ningefanya nini? Mimi ni mtu wa Tabora, mizigo yote ya njia ile ilikuwa inakuja kwetu. Nikasema moyoni, kama hakuna mwenye nyumba mwingine, ni mimi.

Nikavua kanga yangu ya begani, nikaitandika chini nyuma ya lori. Nikapiga bismillahi. Kisha nikasema kwa sauti, yule dada anasikia, Masanja anasikia: "Tua, baba. Umefika. Mzigo nimeupokea mimi, wa Ng'ambo. Nenda kwenu."

Springi za lori zikalia, bodi likainuka juu mbele ya macho yetu. Kanga yangu ikabonyea kwenye kokoto kama mtu ameilalia. Yule dada wa mizani akasema, "Yesu wangu," akakimbilia ndani kutazama namba. Aliporudi alisema namba imerudi ile ya kwenye karatasi. Alitupungia mkono tupite.

Masanja alinyoosha shingo. Akafika kwake giza halijaingia, mimi nikiwa naye. Mkewe alisimama mlangoni amenuna, hakumpa salamu, akampa mtoto. Mtoto akamshika pua baba yake. Mimi nikaondoka, hayo mengine hayanihusu.

Kanga ninayo. Siku ile Masanja na yule dada ndio walionisaidia kuiingiza kwenye lori, imebaki na uzito wa mtu mmoja tu, na kuishusha kwangu walikuja vijana wa bajaji, wakaniuliza bibi umefunga mawe? Iko chumbani kwangu, imekunjwa, juu ya sakafu, kwa sababu kitanda ilikivunja. Bega langu la kulia limeshuka. Nimepigwa picha hospitali, wakasema mfupa mzima, wakanipa dawa ya kuchua. Silalamiki. Nilipokea mwenyewe. Ila wanangu nimewaambia, siku yangu ikifika, kabla ya kunisomea chochote, mmoja asimame mlangoni anitue kwa mdomo wake. Mpaka sasa wanatazama chini, hakuna aliyekubali.

Sasa nyinyi mnaopita njia ile, na hasa nyinyi wa malori mnaopangwa zamu wenzenu wakila. Ukimkuta mtu kasimama na mzigo, msalimie, mpe maji, ongea naye vizuri, kwa maana naye ana kwao. Lakini kabla hujanyoosha mikono, muulize anampelekea nani. Akikosa jibu, usimguse. Kwako kuna mtu amefunika wali.