Kidole cha Kusomea

Nilipofuka nikiwa na miaka saba, kwa surua, kijijini kwetu Ndera. Kitu cha mwisho ninachokumbuka kukiona vizuri ni kima wawili juu ya mkuyu kando ya mto, mmoja akimchambua mwenziwe manyoya kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu achaguaye mchele.

Shule ya wasioona ilinipa breli, maandishi ya vitone, na breli ikanipa kazi. Miaka ishirini na mitatu nimefundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi hapa Garsen. Nilisoma kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nacho kilikuwa chepesi: kilifika mwisho wa mstari kabla mdomo haujafika nusu.

Asubuhi moja nilikuwa nawasomea darasa la sita hadithi ya mzee aliyekataa kuhama mafuriko. Katikati ya ukurasa vitone vikapotea. Nilidhani karatasi imeloa. Nikarudia mstari, ikawa kama kupapasa unga. Watoto walikuwa wakisubiri, basi nikamwokoa yule mzee kwa maneno yangu mwenyewe. Muhula mzima nikasoma hivyo, kwa kubuni.

Mke wangu ndiye aliyenifichua. Nilikuwa nimekaa jikoni, mkono nimeuegemeza kwenye jiko la makaa bila kujua.

"Baba, mkono!" akapiga kelele. "Unaungua!"

Ngozi ilikuwa imeshachunika, na mimi sikuhisi kitu.

Tukaenda hospitali ya Hola. Tabibu, kijana mwenye sauti ya upole, alinipima sukari.

"Mwalimu, fumba macho nikuguse," alisema, kisha akaona haya. "Samahani."

"Yamefumbwa siku nyingi. Endelea."

Aligusa vidole vya mikono yote miwili kwa pamba, kisha kwa sindano, kila mara akiuliza, "Nimegusa?" Mwisho nikawa nabahatisha tu.

"Sukari imeharibu mishipa ya fahamu," akasema. "Ndani ya ubongo kila kidole kina mahali pake, kimoja kando ya kingine. Waliochunguza ubongo wa nyani waliona kwamba kidole kinachotumiwa sana hupanuliwa mahali pake. Chako lazima kilikuwa na shamba kubwa."

"Na sasa?"

"Kikinyamaza, majirani huingia wakalima."

"Majirani gani? Vyote vimekufa ganzi."

"Hata uso ni jirani wa mkono, Mwalimu."

"Hisia zitarudi?"

"Tutajaribu kuzuia isiendelee."

Nimesahihisha mitihani mingi. Najua jibu linalokwepa swali.

Neno lake la uso lilinikaa. Jumapili mke wangu alipokwenda kanisani, nilifungua Zaburi yangu ya breli nikauweka ukurasa kwenye mdomo wa chini. Nilisogea herufi kwa herufi kama mtoto wa chekechea. Nilipata "Bwana". Nilipotafuta neno la pili, mate yalikuwa yamelowesha karatasi na vitone vimelala. Ndipo nikasikia pumzi mlangoni. Alikuwa amerudi.

"Endelea tu, Baba," alisema polepole.

Sikuendelea.

Nilimweleza mwalimu mkuu ukweli. Akaniomba nibaki, nifundishe kwa mdomo. Nilikaa wiki mbili, nikachoka kuuliza, "Hapo pameandikwaje?" Nikaacha kazi. Vitabu vyangu nilivipeleka kule nilikosomea. Dawa nameza. Ganzi imeshafika kwenye kiganja.

Mwezi uliopita binti yetu alijifungua. Mke wangu akaniwekea mtoto mapajani, akauchukua mkono wangu na kuupitisha usoni pa mjukuu. Nilijua kuna uzito, nilijua kuna joto kidogo karibu na kifundo cha mkono. Pua sikuipata, wala macho.

"Kafanana na nani?" binti aliuliza, akicheka kwa furaha.

"Na wewe," nikasema. "Kabisa."

Wote wakafurahi. Nikaomba mtoto achukuliwe, nisije nikambana bila kujua.