Injini Yangu Ndani ya Lori la Ndugu Yangu

Wako watu Suneka ambao mpaka leo wanasema lile lori lilitengenezwa na ndugu yangu. Waache waseme. Ndugu yangu hajawahi kushika spana isipokuwa kuisogeza apate mahali pa kukaa.

Mimi shule niliacha darasa la pili, na haya ninayoyaandika nimejifunza ukubwani. Lakini miaka ile baada ya Uhuru hakukuwa na gari Kisii nzima lililonishinda. Mafundi wa Kihindi mjini walikuwa wakiniita mambo yakiwa magumu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Lori lilikuwa langu, dogo, la petroli, silinda nne. Nilibeba kuni za kiwanda cha majani chai cha Itumbe, na ndizi kutoka Magwagwa. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, ila huku kwetu tambarare iko wapi? Kila mlima tulishuka tukasukuma, hadi siku moja pistoni ikavunjika na injini ikafa kabisa.

Kule Sotik mzungu mmoja aliyehama alikuwa ameacha lori kuukuu kwenye shamba la mahindi. Panya walizaa ndani ya kiti. Injini yake ilikuwa ya dizeli, silinda sita, kubwa kama jeneza, na ilikuwa na umri mkubwa kuliko lori langu. Nikainunua. Shemeji yangu alipoiona alicheka akasema, "Unaweka moyo wa fahali ndani ya mbuzi." Nikamwambia angoje aone huyo mbuzi akipanda mlima.

Taabu ilikuwa moja: mdomo wa injini na mdomo wa giaboksi haikulingana. Kati yao ilitakiwa sahani nene ya chuma yenye matundu ya pande zote mbili. Fundi wa kukereza vyuma kule Kisumu alitaka mchoro. Mimi na kalamu wapi na wapi? Nikaenda Tabaka kwa wachonga mawe, nikapata kipande bapa cha jiwe la sabuni, lile laini linalokatika kwa kisu. Nilipaka grisi chafu matundu ya injini, nikalibandika jiwe, nikatoboa palipobaki alama. Nikafanya hivyo hivyo upande wa giaboksi. Siku tatu. Nikalipeleka Kisumu nimelifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga.

Fundi aliligeuza mara mbili. "Nani alikuchorea?"

"Halikuchorwa," nikasema. "Limechongwa."

Sahani iliporudi, kila bolti iliingia. Nikakata chesisi, nikasogeza rejeta mbele, nikaongeza springi. Siku ya kwanza nilipanda Magwagwa na mzigo juu, hakuna aliyeshuka kusukuma. Akina mama waliokuwa wakichuma chai walisimama kutazama.

Ikabaki karatasi. Namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye kitabu cha gari, na fomu zilikuwa za Kiingereza. Ndugu yangu mdogo alikuwa amefika kidato cha pili, nami ndiye niliyemlipia. Nikampa kitabu. Alinionyesha mahali pa kutia kidole gumba, nikatia. Kitabu kiliporudi nikakifungia sandukuni. Mtu uliyenyonya naye ziwa moja humwulizi alichoandika.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja akaja na dereva wake, kitabu ameshakichukua kwa mke wangu akisema ana kazi nacho. Akasema lori linahamia Nyamira kumfanyia kazi zake, kwa sababu limeandikwa jina lake.

Tulipelekana kwa baba, lori likasimama uani. Wazee wanne wa ukoo walikaa. Ndugu yangu alisoma kitabu kwa Kiingereza, polepole, na baba, asiyejua hata neno moja, aliinamisha kichwa kama mtu anayesomewa Biblia. Kisha akasema, "Mwenye jina ndiye mwenye gari. Huyu tulimsomesha ili atuongoze kwa mambo kama haya."

Tulimsomesha. Niliimeza hiyo nayo.

"Tata," nikamwambia baba, "sawa. Mwambie asome namba ya injini."

Akaisoma. Herufi zilinishinda, lakini namba hazijawahi kunishinda, na namba ya injini yangu naijua kama majina ya watoto wangu. Ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya injini iliyokufa, iliyolala nyuma ya jiko langu. Kwa haraka ya kuandika jina lake, alisahau kazi niliyomtuma.

Nikauliza wazee kama kitabu kinasema kweli. Wakajibu kinasema kweli. "Basi nampa lori kama lilivyoandikwa," nikasema. "Injini yangu haimo humo, naitoa."

Ndugu yangu alisema, "Kaka, utaharibu lori."

"Lako," nikamwambia.

Baba alitazama chini akasema kila mtu achukue chake. Nikafungua bolti pale pale uani, baba akitazama, wazee wakitazama, na ile mbovu nikamletea kwa mkokoteni.

Lori lile halikuondoka tena. Kuku wanatagia mahali pa injini. Nami sikupata lori jingine la kuifaa injini yangu, nikaifunga mkanda ikawa ya kinu cha mahindi. Inavuma mpaka bonde la pili, na ndugu yangu anaisikia kila siku. Mke wake hupita mlangoni kwangu na debe kichwani, hageuki, anakwenda kusaga mbali. Baba alizikwa mwaka juzi. Tulisimama mimi huku, yeye kule, na kaburi katikati.