Fundi Radisav na Viatu vya Kuchezea kwa Ncha za Vidole

Saa moja asubuhi, katika karakana ya chini ya ghorofa mtaani Dorćol, Belgrade, Radisav Gajević anakoroga gundi ya unga wa ngano. Karibu na dirisha, Taisia, mwanamke wa Kirusi mwenye umri wa miaka 34, anashona kiatu cha baleti cha satini.

"Kaza uzi, binti. Hicho kiatu, si soksi."

"Nikikaza zaidi, fundi, mtoto wa watu atatembelea magongo."

Radisav, 68, anacheka mpaka anakohoa.

Ufundi huu aliurithi kwa bibi yake, Stamena. Mwaka 1921 bibi huyo alimpa chumba Varvara, mchezaji baleti aliyekimbia vita Urusi akiwa na begi moja. Mpangaji huyo hakuwa na kodi, akalipa kwa kumfundisha mwenye nyumba kushona viatu.

"Alisema atakaa miezi mitatu tu. Alikaa miaka 40," anasema Radisav. "Tulimzika kwenye kaburi la familia."

Miaka miwili iliyopita vidole viwili vya Radisav viligoma kukunjika. Kutoka jozi nane kwa siku akabaki na mbili. Akabandika tangazo mlangoni: tunafunga mwisho wa mwezi.

Siku ya tatu alikuja Taisia, aliyehamia Belgrade kutoka Perm, akitaka kushonewa kiatu kilichochanika. Alikigeuza kiatu kimoja cha Radisav ndani nje, akaupapasa mshono.

"Mshono huu wa Kirusi ndio alionifundisha mwalimu wangu kule Perm," akasema. "Nani kakufundisha?"

Aliposimuliwa habari za Varvara, akavua koti na kuomba sindano.

Wiki ya kwanza nusura waachane. Mbele ya mteja, Radisav alimsifu kuwa ni "ponos" wa karakana. Kwa Kiserbia neno hilo ni fahari. Kwa Kirusi ni kuharisha. Taisia akatupa sindano, akatoka.

"Nikamkimbilia barabarani na aproni yangu, nimeshika moyo kumwonyesha ni neno zuri," anakumbuka Radisav. "Akadhani moyo umenishika! Akaanza kupiga simu kuita gari la wagonjwa."

"Ulikuwa mweupe kama gundi yako," Taisia anadakia.

Leo wanatoa jozi saba kwa siku. Yeye anashona, Radisav anapaka gundi na kulalamika.

Taisia anapotoka kuchukua mikate, mzee anafungua kabati na kutoa kibao kipya cha mlangoni, kimefungwa kwa gazeti. Jina la Taisia liko juu, la kwake chini, kwa herufi ndogo.

"Nitakitundika Septemba, nikistaafu," ananong'ona. "Ataniuliza nitakwenda wapi. Nitamwambia siendi popote, nataka tu kuwa mpangaji wake."